Mgonjwa hatakiwi kujua maabara iko jengo gani

Huku Uingereza tunamshukuru Mungu. Baridi ndiyo ile ile, shifti za usiku ndizo zile zile, maisha yanasonga. Najua mmezoea nikiandika humu habari za wodini, bei ya sembe huku na vituko vya basi la alfajiri. Leo nina jambo tofauti kidogo, na naomba mnivumilie mpaka mwisho kwa sababu linawahusu nyinyi kuliko linavyonihusu mimi. Nataka kuongea juu ya anwani za tovuti, zile mnazotumiana kwenye simu kila siku, na kwa nini naona ofisi, vyuo na hospitali zetu huko nyumbani zinatakiwa ziache kuzibadilisha kama nguo.

Najua mtaniuliza, nesi na kompyuta wapi na wapi? Jibu ni fupi. Chama chetu cha watu wa nyumbani hapa mjini kina tovuti yake. Kuna picha za shughuli, kuna daftari la michango ya misiba, kuna ukurasa wa matangazo. Anayeitunza ni mimi, maana kwenye kikao niliyekaa kimya muda mrefu nilikuwa mimi! Basi nikajifunza, usiku baada ya usiku, siku zangu za mapumziko. Na nilivyozidi kujifunza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hii kazi haina tofauti kubwa na kazi ya hospitali.

Msimamo wangu ni huu, niuseme mapema ili anayekimbilia sokoni aupate: mtu anayetafuta huduma apewe anwani moja, fupi, isiyobadilika. Ni kompyuta ipi huko nyuma inayofanya kazi, iko chumba gani, inatumia programu gani, hilo ni la wenye ofisi. Mzigo wa kuhama wabebe wao, wasimtwishe mwananchi.

Sasa tuelewane kwanza kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Anwani ya tovuti ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni jina la nyumba, kwa mfano www.gov.uk. Ya pili ni njia, yaani yale yote yanayofuata baada ya mkwaju, kile kistari kilichoinama. Ukiandika www.gov.uk/browse/visas-immigration, nyumba ni www.gov.uk, na yanayofuata yanasema unataka chumba gani humo ndani.

Watu wengi wanadhani nyuma ya jina moja kuna kompyuta moja. Mara nyingi sivyo. Mbele inakaa seva moja ya mapokezi. Nyuma yake kuna seva nyingine, kila moja na kazi yake: hii inatunza picha, ile inatunza malipo, nyingine inatafuta majina. Seva ya mapokezi inapokea ombi lako, inaisoma ile njia, inalinganisha na kanuni ilizopewa, kisha inaamua ombi liende kwa nani. Na kabla ya kulipeleka inaweza kuiandika upya ile anwani, ili huko nyuma ieleweke.

Hapo kuna namna mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha maneno yangu yote leo.

Namna ya kwanza ni kumwelekeza mtu. Unafika mapokezi, unaambiwa, "Huduma hiyo imehamia jengo la tatu, nenda kule." Unanyanyuka mwenyewe unakwenda. Kwenye tovuti, seva inajibu kwa namba 301 kama imehama moja kwa moja, au 302 kama ni kwa muda tu. Programu yako ya intaneti inakwenda yenyewe kwenye anwani mpya, na utaiona imebadilika pale juu.

Namna ya pili ni kupelekewa. Hii ndiyo ninayoifanya mimi kila siku wodini. Mgonjwa nikimtoa damu, simwambii ashike kichupa chake akatafute maabara. Naandika jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba yake kwenye kichupa, kinakwenda maabara, majibu yanarudi, yeye bado yuko kitandani kwake. Maabara ikihamishwa kutoka ghorofa ya pili kwenda jengo la ng'ambo ya barabara, mgonjwa hana habari. Wala hatakiwi kuwa na habari! Kwenye seva kazi hii anaifanya proksi, yaani anayeomba kwa niaba yako.

Programu maarufu ya mapokezi ni Apache, iliyoanza mwaka 1995. Ndani yake kuna kipande kinaitwa mod_rewrite, kilichoandikwa na Mjerumani Ralf S. Engelschall mwaka 1996, akakikabidhi kwa kundi la Apache mwaka 1997. Nyingine ni nginx ya Mrusi Igor Sysoev, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2004. Kwenye Apache kanuni yenyewe inafanana na hii, msiogope, nitaifafanua:

RewriteEngine On
RewriteRule ^/michango/(.*)$ http://10.0.0.5:8080/michango/$1 [P]
ProxyPassReverse /michango/ http://10.0.0.5:8080/michango/

Mstari wa kwanza unawasha mtambo. Wa pili unasema: ombi lolote ambalo njia yake inaanza na /michango/, chukua kilichobaki, kibandike pale penye $1, kisha ulipeleke kwenye kompyuta ya ndani yenye namba 10.0.0.5, mlango namba 8080. Ile herufi P kwenye mabano ndiyo inayosema "peleka wewe mwenyewe." Ukiweka R=301 badala yake, maana inageuka kuwa "mwambie aende mwenyewe." Mstari wa tatu unazuia siri ya ndani isivuje. Programu ya nyuma ikijibu "nenda 10.0.0.5", mapokezi yanasahihisha na kuweka anwani ya nje, kwa sababu ile namba ni ya ndani tu, wewe uliyeko Tanga huwezi kuifikia hata ukiikesha.

Kwa kazi nyepesi kama hiyo, maelezo ya Apache wenyewe yanashauri kutumia amri rahisi zaidi iitwayo ProxyPass. Kanuni za kuandika upya zinafaa pale penye masharti, mfano anwani za zamani zenye namba nyingi mwishoni ambazo unataka ziendelee kuishi. Na huko ndiko nakotaka kuwapeleka.

Niwape mfano. Chama chetu tulihamisha daftari la michango kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Programu ikawa mpya, mashine mpya, kila kitu kipya. Mama mmoja mtu mzima, mhazini wa kina mama, ameihifadhi anwani ile kwenye simu yake tangu siku ya kwanza. Asubuhi yake aliifungua kama kawaida, akaandika michango, akafunga. Kilichobadilika kilikuwa namba moja kwenye ule mstari wa pili na namba hiyo hiyo kwenye wa tatu. Yeye mpaka leo hajui kama tulihama. Hayo ndiyo mafanikio ninayoyataka mimi: kutoonekana.

Sasa linganisheni na yaliyompata mtoto wa shangazi yangu huko nyumbani. Alikuwa anaomba nafasi chuoni, chuo sitakitaja. Anwani ya fomu aliyopewa kwanza ilikuwa na jina la chuo. Baada ya wiki mbili ikabadilika ikawa namba tupu, na mwishoni nukta mbili na 8080. Jamani! Ile namba ya mlango wa nyuma, ambayo haikutakiwa kuonekana na mtu wa nje, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Baadaye ikaja ya tatu, ya tovuti za bure zisizo na jina la chuo kabisa. Basi ya nne ilipokuja kupitia WhatsApp, aliiona ni ya kawaida tu. Akajaza, akalipa ada ya fomu. Ya nne ilikuwa ya matapeli.

Watu walimsema binti kwamba hakuwa makini. Mimi nilikataa na bado nakataa. Umakini wake ungeshika wapi? Chuo chenyewe kilishamfundisha mara tatu kwamba anwani yoyote, hata ya namba tupu, inaweza kuwa ya kweli. Tapeli alikuta shamba limeshalimwa, yeye akapanda tu. Ndiyo maana nasema hili si jambo la mafundi peke yao, ni jambo la hela ya mtu na nafasi ya mtoto kusoma. Chuo kingeacha ile anwani ya kwanza mahali pake na kuandika kanuni moja nyuma yake, fomu zingeweza kuhama hata mara kumi na yeye asingehangaika.

Kuna nchi imelifanya hili kwa ukubwa, na ndiyo hii ninayoishi. Zamani serikali ya Uingereza ilikuwa na tovuti mamia, kila idara na yake. Mwaka 2010 Martha Lane Fox alipeleka ushauri serikalini kwamba wananchi wapewe mahali pamoja. Tarehe 17 Oktoba 2012 GOV.UK ikafunguliwa rasmi, ikachukua nafasi ya tovuti mbili kubwa, Directgov na Business Link. Wizara na idara nyingine zikafuata, na hadi mwisho wa 2014 taasisi zaidi ya 300 zilikuwa zimehamia humo.

Humo ndani si programu moja. Ziko nyingi. Mbele yake waliweka programu ya kugawa maombi, wameiandika kwa lugha ya Go na maandishi yake wameyaacha wazi, yeyote anaweza kuyasoma. Kazi yake ndiyo ile ile ya mapokezi: inasoma njia, inaangalia kwenye orodha, inapeleka kwenye programu husika. Kilichonifurahisha mimi ni walivyozitendea anwani za zamani. Hawakuzizika kimya kimya. Walikaa wakatengeneza orodha, anwani ya zamani kwa anwani mpya. Iliyo na mrithi ikaelekezwa kwa mrithi wake. Isiyo na mrithi ikawekewa ukurasa unaokuambia kitu hiki hakipo tena, na mara nyingi ukionyeshwa nakala yake kwenye hifadhi ya kumbukumbu za taifa. Kazi ya kuchosha hiyo, kama kuhesabu dawa kabatini. Lakini ni heshima.

Na wazo lenyewe si geni. Tim Berners-Lee, aliyeianzisha Web, aliandika makala mwaka 1998 akisisitiza kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na kwamba zikibadilika ni kwa sababu watu wamezibadilisha. Miaka imepita, ofisi zetu bado zinabandika 8080 ukutani.

Haya, nijibu pingamizi, maana nawajua nyinyi kwa ubishi.

Mdogo wangu mmoja ambaye ni fundi aliniambia, "Dada, siku hizi nani anasoma anwani? Watu wanabofya tu." Ni kweli wanabofya. Lakini wanabofya nini? Wanabofya ile ile iliyotumwa na shangazi, iliyobandikwa kanisani, iliyosomwa redioni, iliyochapwa kwenye barua ya mwaka juzi. Anwani ikishatoka mdomoni mwako huwezi kuirudisha. Jaribu kumsomea mama mkubwa kwenye simu anwani yenye namba tupu na nukta mbili na nane sifuri nane sifuri, mtandao unakatika katika, halafu uje tuongee.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mlango ukiwa mmoja, ukikwama wote tunabaki nje. Hilo nalikubali. Tarehe 8 Juni 2021 kampuni ya Fastly, ambayo inasimama mbele ya tovuti nyingi duniani, ilipata hitilafu. GOV.UK ikapotea, magazeti makubwa yakapotea, maduka yakapotea. Fastly walisema ndani ya dakika 49 asilimia 95 ya mtandao wao ilikuwa imerudi, lakini hizo dakika 49 zilitosha kutukumbusha. Jibu langu ni la kinesi. Hatufungi mapokezi kwa sababu mhudumu anaweza kuugua. Tunaweka wawili, na tunaandika karatasi ya nini kifanyike siku hiyo. Mapokezi yawe mepesi, yasifanye kazi nyingine, yawe na pacha wake. Hiyo ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kuwatawanya wananchi barabarani.

Pingamizi la tatu sijaambiwa na mtu, nalitoa mwenyewe kwa haki. Kanuni hizi zikiandikwa vibaya ni hatari. Mwaka 2011 Apache walitangaza tatizo lililogunduliwa na kampuni ya usalama ya Uingereza iitwayo Context. Watu walikuwa wameandika kanuni za kupeleka picha kwenye seva ya nyuma, kwa mfano http://images.example.com$1, bila kuweka mkwaju kabla ya $1. Mkwaju mmoja tu! Mjanja akawa anaweza kutuma ombi linaloanza na alama ya @ na kufuatiwa na jina la kompyuta ya ndani. Vikiunganishwa, seva inaona images.example.com@kompyuta-ya-ndani. Na kwa sheria za anwani, kilichoko kabla ya @ kinachukuliwa kuwa jina la mtumiaji, nyumba yenyewe ni ile inayofuata. Basi mapokezi yanampeleka mgeni mpaka chumba cha ndani asichoruhusiwa. Apache walirekebisha programu, na waliokuwa na kanuni hizo wakashauriwa kuongeza ule mkwaju.

Mimi hili halinifanyi nikatae kanuni. Linanifanya nidai zikaguliwe. Dawa kali wodini tunaisoma watu wawili kabla ya kumpa mgonjwa, kwa nini mstari unaofungua milango ya ofisi nzima usisomwe na watu wawili?

Na kuna lile la jina kwenye kichupa. Seva ya nyuma inaona maombi yote yanatoka kwa mapokezi, kama maabara ingeona damu zote zimeandikwa jina la nesi. Ndiyo maana proksi inabandika lebo, inaitwa X-Forwarded-For, inayosema ombi hili asili yake ni nani. Bila lebo, mkorofi mmoja akifungiwa, mnafungiwa wote. Lakini lebo ni ya kuaminiwa ikitoka kwa mapokezi yako tu, maana mtu yeyote wa nje anaweza kujibandikia.

Sasa wale wenye ofisi, na najua baadhi yenu mnasoma humu, naomba haya. Chagueni jina moja mlimiliki, la .go.tz, .ac.tz au lolote linalowastahili, na kila huduma ikae ndani yake. Njia ziwe maneno ya watu: /matokeo, /ada, /fomu. Mkihama, acheni kanuni nyuma yenu, isiwe ya mwezi mmoja, iwe ya miaka. Kompyuta za nyuma zisifikike kutoka nje kabisa. Na siku ya hitilafu msimwachie bibi namba tupu. Ile 502 maana yake mapokezi yamepata jibu lisiloeleweka kutoka nyuma, 503 ni huduma haiwezi kupokea watu kwa sasa, 504 ni mapokezi yamesubiri jibu likachelewa. Andikeni kwa Kiswahili: "Tatizo ni la kwetu, si la simu yako. Usilipe mara mbili. Jaribu baadaye."

Nanyi ndugu zangu, hasa wadogo zangu manesi mnaotaka kuja huku, someni jina la nyumba kabla hamjatoa hela. Angalieni kilichoko kabla ya mkwaju wa kwanza ulio peke yake. Kwa visa ya huku kimalizike na .gov.uk. Baraza la manesi na wakunga ni nmc.org.uk. Kama baada ya gov.uk kuna nukta au kistari na jina lingine, mwenye nyumba ni hilo jina la mwisho, gov.uk wameitundika mlangoni kama pazia. Na mkiona alama ya @ katikati, kumbukeni ile hadithi ya 2011: unakwenda kwa anayefuata nyuma yake.

Mkiwa na shaka nitumieni kwanza, hata kama niko shifti nitaangalia wakati wa mapumziko. Kuangalia ni bure, kurudisha hela iliyokwenda kwa matapeli ndiyo kazi.

Wasalimieni wote. Shangazi mwambieni nimepata ule ubuyu, Mungu ambariki.